Ita Mara Tatu

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi ni mwoga. Siogopi mbwa, siogopi nyoka, siwaogopi hata wale madereva wa malori wanaotongoza kila kilichovaa kanga. Naogopa kusimama mbele za watu nikaongea. Nikiambiwa tu "Violet, hebu simama useme neno", magoti yanaanza kutetemeka, koo linakauka, na tumbo linataka choo hapohapo. Nilipokuwa kidato cha nne nilipewa risala ya mahafali nimsomee mgeni rasmi. Nilisoma "Ndugu mgeni rasmi", nikaishia hapo. Dakika nzima nimesimama na karatasi. Mgeni rasmi akasema, "Pole, binti," na mwalimu akaja akanichukulia karatasi akasoma mwenyewe. Tangu siku hiyo wenzangu wakaniita Bafa, kama video inayozunguka bila kucheza, na hadi leo kuna wapumbavu wananiita hivyo nikipita na ndoo yangu ya maji. Nina miaka ishirini sasa.

Mama yangu ni kinyume kabisa. Anaitwa Enesi, anauza mchele wa Kamsamba pale sokoni Tunduma, na sauti yake inavuka mpaka bila kugongewa muhuri. Akimwona mama wa Kizambia anapita na kikapu, anamwita kwa Kibemba, "Iseni, mayo," yaani njoo, mama. Kibemba si cha kujifunza sokoni kwake. Alizaliwa ng'ambo, Nakonde, akakulia hukohuko. Na ana sheria yake ya kazi ambayo nimeisikia tangu nina meno ya utoto. "Mteja haitwi mara moja," anasema. "Mara ya kwanza anasikia. Mara ya pili anageuka. Mara ya tatu anakuja. Ukiita mara moja ukanyamaza, umempeleka kwa jirani." Mimi nikiachiwa meza naita mara moja, kwa sauti ya mgonjwa, halafu najifanya nachambua mawe kwenye mchele. Mama ananitazama, anatikisa kichwa, basi.

Sasa huyo mama mwenye sauti kama hiyo kulikuwa na mahali pamoja duniani alipokuwa bubu. Kwa mama yake.

Bibi Teresia alikuwa anakaa Ruanda, huko Mbozi kwenye kahawa. Alimzaa mama yangu mwaka 1970, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, kwa mwanamume wa Nakonde ambaye hakumwoa. Miaka mitatu baadaye akaposwa na Mzee Nzunda wa Ruanda, mtu wa kanisa na mwenye kahawa yake, na ndugu za mzee wakatoa sharti moja: mtoto abaki kulekule alikozaliwa. Mtoto akabaki. Bibi akaolewa, akazaa wengine sita. Pale Ruanda mama yangu alijulikana kama "yule ndugu yao wa Tunduma". Ndugu kwa upande gani, hakuna aliyeuliza, na waliojua walinyamaza.

Bibi hakumtupa, nisimsingizie marehemu. Kila mwaka baada ya kuvuna alikuja kwetu Tunduma na mkungu wa ndizi, akalala siku mbili, akamsuka mama nywele kama mtoto. Na mara mbili aliniambia mimi, kwa kinywa chake, kwamba safari hii siku ya shukrani ya mavuno atasimama kanisani aseme ana watoto saba. "Mwaka huu nasema, Violet." Mwaka ukapita. "Mwaka huu lazima." Ukapita na huo. Nilimpenda sana bibi yangu, lakini kwa hilo nilimkasirikia na hasira yenyewe haijaisha.

Akafariki Jumanne. Jumatano mchana tukawa Ruanda, mama na mimi, na gunia la mchele kwa ajili ya msiba.

Sikuwa nimekaa hata nusu saa Mjomba Danford akaniita. Mjomba Danford ndiye wa kwanza kwa Mzee Nzunda, mzee wa kanisa kama baba yake, mtu wa suti hata kwenye vumbi. Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba. Akaniuliza masomo, nikasema nilimaliza, sasa namsaidia mama. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mpwa wangu, familia imekaa. Kesho wewe ndiye utasoma wasifu wa Bibi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Kwetu wasifu wa marehemu si jambo dogo. Ndio unaosema mtu alikuwa nani, alizaliwa wapi, ameacha nani. Watoto wanatajwa mmoja mmoja kwa kufuatana, na kila anayetajwa anasimama ili watu wamwone. Usipotajwa pale hukuzaliwa. Na tulikuwa na Lucky, mtoto wa mjomba, ambaye ni mshereheshaji wa harusi mpaka Vwawa wanamjua. Akiwepo Lucky, nani anamhitaji Bafa?

"Mjomba, mimi siwezi," nikasema.

"Utaweza. Ni kusoma tu kilichoandikwa, halafu unakaa."

Nikatoka pale nikitafuta choo. Nilipomwambia mama, nilitegemea acheke, ananijua. Hakucheka. Alishika mkono wangu akaukandamiza, macho yakamjaa. "Wamekuchagua wewe," akasema. "Mtoto wangu mimi. Basi wamenitambua, Violet. Miaka yote hii, kumbe walikuwa wanangoja siku yake." Usiku huo alilala kwenye mkeka wa wafiwa mlangoni kabisa, na alilala. Mimi sikupata usingizi. Ningewezaje kukataa baada ya maneno yale?

Alhamisi asubuhi mjomba akanipa karatasi, imechapwa vizuri, imekunjwa mara mbili. Maziko saa nane mchana. Nikaingia nayo kwenye kahawa nyuma ya nyumba ili nijizoeze, maana miti haicheki. Nikaanza kusoma huku natembea, kwa sababu nikisimama naanza kutetemeka. Nikapita mstari mmoja wa miti, nikageuka, nikapita mwingine. Kuzaliwa, sawa. Ubatizo, sawa. Mwaka 1973 alifunga ndoa takatifu na marehemu Mzee Nzunda, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto sita.

Nikasimama. Nikasoma tena. Sita. Danford, Gasper, Elizabeti, Luka, Ombeni, Judith. Chini yake: ameacha wajukuu ishirini na watatu. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, wa Mjomba Danford watano, wa Mjomba Gasper sita, nikaendelea hadi vidole vikaisha nikarudia. Ishirini na watatu walitimia bila sisi watatu wa mama Enesi. Yaani mimi ninayesoma simo ndani ya ninachokisoma.

Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri aliyechapa amekosea. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Nikatoka mbio kwenye kahawa kumtafuta mjomba arekebishe kabla ya saa nane, nikaambiwa yuko stoo, wanatoa viti na Lucky. Nilipofika ukutani nikasikia Lucky anauliza, "Baba, kwa nini usingenipa mimi nikasoma?"

"Wewe ungepambapamba," sauti ya mjomba ikajibu. "Nimempa Violet makusudi. Akisoma mtoto wa Enesi kwa kinywa chake mwenyewe, kesho nani atauliza? Na yule hana uwezo wa kuongeza hata neno moja. Akimaliza kusoma tu tushukuru."

"Lakini kuna watu wanajua."

"Wanaojua ni wazee, na wazee wanakwisha. Lucky, mama alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa miaka kumi na minane. Unataka azikwe kwa minong'ono?"

Nilisimama pale ukutani nikiwa na karatasi mkononi, na uso unawaka. Walinichagua kwa sababu ya woga wangu. Mtu anaweza kuchaguliwa kwa sauti yake, kwa akili yake, hata kwa urembo. Mimi nimechaguliwa kwa kuwa nikisimama ninakuwa jiwe. Nilitaka niingie stoo nimwambie mjomba maneno ambayo hayajawahi kutamkwa kwenye msiba wa watu wa kanisa. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaondoka kwa kunyata, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote, kwamba mjomba alikuwa amenipima vizuri.

Nikamfuata mama, nikamtoa kwenye mkeka, nikampeleka nyuma ya jiko. Nikampa karatasi. Aliisoma taratibu, ameishika mbali kwa sababu ya macho yake. Akafika mwisho. Akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Soma kama ilivyo," akasema.

"Mama, haumo."

"Nimeona."

"Na mimi simo. Lucky yumo, wale mapacha wa Mjomba Gasper ambao hata jana walikuwa hawajafika wamo."

"Violet. Nimekuja kumzika mama yangu, sikuja kugombana. Nimekaa nje ya nyumba hii miaka hamsini na mitano. Siwezi kuingia leo kwa kelele."

"Sokoni unapiga kelele kutwa nzima."

"Sokoni nauza mchele," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba nilimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

"Jana ulisema wamekutambua."

"Jana nilikuwa mjinga." Akajifunga kanga yake upya, akaikaza, akarudi kwenye mkeka wake wa mlangoni.

Kutoka hapo mpaka saa nane sikukaa chini. Nilikwenda chooni mara tano. Niliosha masufuria ambayo hayakuwa yangu kuosha. Nilichota maji, nikayamwagia miche, nikachota tena, mpaka mama mmoja pale jikoni akaniambia, "Wee mtoto, una siafu?" Ningekuwa na siafu ingekuwa afadhali, siafu unawatoa. Kichwani nilikuwa nasoma karatasi kwa namna mbili. Namna ya kwanza: sita, nakaa, yameisha, jioni tunapanda gari tunarudi Tunduma na mama anauza mchele. Namna ya pili sikuweza hata kuifikisha mwisho. Kila nikifika "watoto saba" naona mgeni rasmi ananiambia pole, binti.

Lucky akanikuta kisimani. Hakunitazama usoni, nadhani alikuwa na aibu. "Sikiliza," akasema. "Ukikwama, usihangaike. Watu watajua ni uchungu. Akina mama wataimba pambio, ukishindwa kabisa nyoosha mkono, mimi nitakuja nikupokee karatasi."

Ni kweli, ndivyo ilivyo. Msomaji wa wasifu akikwama hakuna anayemcheka. Wanaimba, analia, anafuta kamasi, pambio likiisha anaendelea au anampa mwingine. Wasifu ni mahali pekee ambapo mwoga anapewa heshima zote. Nilimshukuru Lucky, na moyoni nikasema, basi hiyo ndiyo njia yangu. Nitakwama kwa makusudi. Atasoma yeye, na dhambi itakuwa yake. Nikapata nafuu kwa dakika kama tatu hivi, halafu nikakumbuka kwamba karatasi ni ileile hata akiisoma nani.

Saa nane ikafika. Uani palikuwa pamefungwa turubai, watu wamejaa mpaka kwenye kahawa. Jeneza katikati, kitambaa cheupe, kaburi hatua kama thelathini upande wa chini, mkabala na la Mzee Nzunda. Wanaume kwenye viti na mabenchi, akina mama kwenye mikeka, na wafiwa mbele. Mama Enesi hakuwa mbele. Alikuwa kwenye ncha ya mkeka wa pili, karibu na Mamdogo Judith, kitinda mimba wa nyumba ile. Mchungaji Efraimu akaomba. Lucky akashika maiki, akasema kwa ile sauti yake ya harusi aliyoipunguza, "Sasa tutasomewa wasifu wa mama yetu na mjukuu wake, Violet."

Sijui nilivyofika pale mbele. Najua maiki ilikuwa ya baridi na ilipiga filimbi, watu wakaziba masikio. Nikafungua karatasi. Herufi zilikuwa zinaruka, ikabidi niibane kifuani kwa mkono mmoja na kuichungulia.

"Wasifu wa marehemu Mama Teresia," nikasema, na spika ikarudisha sauti yangu kutoka kule kwenye kahawa, nyembamba, ya mtoto. Nikaendelea. Alizaliwa mwaka 1952. Akabatizwa. Nilisoma haraka mno kama mtu anayefukuzwa. Jasho likaingia jichoni. "Mwaka 1973 alifunga ndoa takatifu na marehemu Mzee Nzunda, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto."

Nikakwama.

Safari hii sikuwa nimekwama kwa makusudi, nawaapia. Lilikuja lenyewe, lilelile la mahafali. Nikaona watu mia tatu wana macho mia sita. Mjomba Danford, kwenye kiti cha kwanza, alikuwa ametulia kabisa. Alitikisa kichwa kidogo kama kunitia moyo, sita, sema sita, mwanangu.

Mamdogo Judith akaanzisha pambio. Akina mama wakalipokea, polepole, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Mwacheni alie." Lakini mimi sikuwa nalia. Nilikuwa namtafuta mama. Nikamwona kwenye ncha ya mkeka, ameinama, anachomoa unyasi mmoja wa mkeka, anauvuta, anauzungusha kidoleni. Haimbi. Mtu ambaye sauti yake inasikika Nakonde haimbi kwenye msiba wa mama yake mzazi, kwa sababu anaogopa watu watamgeukia. Nikamwona Bibi akiniambia mwaka huu nasema. Nikajiona na mimi, miaka arobaini mbele, na binti yangu, namwambia yaleyale.

Lucky akaanza kuja. Mkono wake ulikuwa umeshanyooka kupokea karatasi, na uso wake ni wa huruma kabisa. Ningeachia vidole tu. Vidole viwili.

Nikaificha karatasi mgongoni.

Lucky akasimama nusu ya njia, hajui afanye nini. Pambio likafika mwisho wake, likafifia, na watu wakatulia kunisubiri. Msije mkadhani kuna kitu kilishuka kutoka juu kikanipa ujasiri. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote, na mkojo nusura.

"Watoto saba," nikasema.

Mjomba Danford akainua kichwa.

"Mama Teresia amejaliwa watoto saba. Wa kwanza alimzaa kabla ya ndoa, mwaka 1970, Nakonde. Anaitwa Enesi. Ni mama yangu. Enesi, simama watu wakuone."

Minong'ono ikapita kwenye mikeka, ikavuka kwenye mabenchi. Mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Violet," akasema, polepole, ili isionekane ni ugomvi. "Soma kilichoandikwa."

"Nisamehe, Mjomba. Sijamaliza."

Hayo maneno yalitoka kwangu. Nilishangaa kuliko yeye. Alibaki amesimama, na mimi nimesimama, na tatizo likawa si yeye tena. Tatizo likawa mama. Hakusimama. Alikuwa ameinama zaidi, unyasi umekatika mkononi, na kanga ameivuta mpaka usoni. Watu walikuwa wanageuka wakimtafuta huyo Enesi, na asiposimama mimi nimekuwa mwongo mbele ya jeneza. Kesho wangesema mtoto wa watu wa Tunduma alirukwa na akili msibani.

Mara ya kwanza anasikia. Alikuwa amesikia, nilimwona mabega yakimshtuka.

"Enesi wa Teresia," nikaita tena. Sikuitumia maiki vizuri, niliita tu, kwa nguvu, kama ninavyopaswa kuita pale mezani kwetu na siiti. "Simama."

Akageuka. Aliinua uso, kanga ikaanguka begani, akanitazama mimi moja kwa moja. Alikuwa analia na alikuwa amenikasirikia, vyote viwili, namjua. Midomo yake ikasema bila sauti, acha. Mjomba Gasper naye akawa amesimama. Mchungaji Efraimu alikuwa amefungua Biblia na kuifunga. Mimi nikashusha maiki kabisa, nikaiacha ining'inie mkononi, nikapiga ile sauti ya sokoni, ile ambayo ananidai tangu utotoni.

"Iseni, mayo."

Wengi pale ni Wanyiha, sijui wangapi walielewa. Aliyepaswa kuelewa alielewa. Mama akaweka mkono chini, akajisukuma, goti moja, la pili. Mamdogo Judith alikuwa amekunja miguu yake kando ili kumpisha. Mama akasimama. Mwanamke mfupi, mnene, wa miaka hamsini na mitano, na pua ni ya Bibi, na paji la uso ni la Bibi, mtu yeyote mwenye macho angeona. Mahali fulani upande wa wazee bibi mmoja akasema, si kwa nguvu, "Afadhali."

"Wa pili, Danford," nikasema kwenye maiki. Yeye alikuwa ameshasimama. "Wa tatu, Gasper." Nikawataja wote hadi Judith. "Ameacha wajukuu ishirini na sita. Mmoja wao ni mimi." Ya mwisho kwenye karatasi, kuhusu ugonjwa na shukrani kwa madaktari, niliyasoma kama yalivyoandikwa. Nikampa Lucky maiki, nikaenda nyuma ya turubai nikatapika.

Mahubiri sikuyasikia. Nilikaa nikiwaza nilichofanya, na hofu ikarudi yote kwa pamoja. Je, wakitufukuza? Je, wakimwacha mama peke yake pale mbele, hakuna anayemsemesha? Nilikuwa nimemtoa mtu mahali alipojificha miaka yote, na sikuwa nimemuuliza. Alikuwa ameniambia waziwazi nisome kama ilivyo. Sikupata nafasi ya kujibu maswali yangu, jeneza likainuliwa.

Kaburini, wakishashusha, mchungaji anatia udongo, halafu wanafuata watoto. Mtoto wa kwanza ndiye anaanza. Hilo halina mjadala, hata mtoto mdogo analijua. Lucky alikuwa na ratiba mkononi na ratiba ilisema Danford. Aliitazama. Akamtazama baba yake, ambaye alikuwa ameshainama, ameshachota udongo, ameshika konzi imejaa. Akanitazama na mimi, mle nilimojibanza kati ya watu.

"Tunaanza na mtoto wa kwanza," Lucky akasema. Hakutaja jina.

Hakuna aliyesogea. Mjomba Danford alikuwa ukingoni kabisa, hatua moja tu imebaki. Udongo ulikuwa unavuja kidogo kati ya vidole vyake. Watu wakaanza kugeuza shingo, mmoja mmoja, kumtafuta mama, na mimi nikafungua mdomo nimwite tena.

Sikuita. Alikuwa anakuja. Alitoka nyuma ya akina mama, hana viatu, akipita katikati yao na wao wakimpisha, mpaka akasimama ubavuni kwa mjomba. Ndugu wawili, hawakutazamana. Mama akainama akachota udongo wake kwa mikono yote miwili. Nilidhani atamwaga haraka arudi. Alisimama wima na udongo wake, akavuta pumzi, na sauti ilipotoka ilikuwa ile ya Tunduma, ile yenyewe, hata waliokuwa mbali kwenye kahawa waliisikia.

"Mama, mimi ni Enesi, mwanao wa kwanza."

Akamwaga. Mjomba Danford akamwaga wa pili.